Chatu wa Nyumbani: Anza na Sanduku

Ni nadra chatu wa kufugwa kufa kwa njaa. Wengi wanaokufa kabla ya wakati wao huuawa na makazi mabovu: baridi ya usiku, hewa iliyokauka, tandiko lililoloa wiki nzima, au mkeka wa umeme uliowaunguza tumbo huku mwenye nyumba amelala fofofo. Ndiyo maana mtu akiniuliza namna ya kumtunza chatu, humjibu kwamba kazi yake kubwa ni kulitunza sanduku. Sanduku likikaa sawa, mengi yaliyobaki nyoka atajifanyia mwenyewe.

Ninayemzungumzia hapa ni Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme. Makao yake yanaanzia Senegali, yakapita Ghana, Togo na Benin, hadi upande wa kaskazini-magharibi wa Uganda. Jike aliyekomaa hufika kama mita moja na nusu, dume huwa mfupi zaidi, na uzito wa jike ni kilo moja na nusu hivi, wakati mwingine mbili. Akiogopa hujikunja duara na kukificha kichwa katikati. Porini hushinda mchana kutwa kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, akatoka usiku kutafuta riziki. Mjini Ouidah, nchini Benin, ana hekalu lake, na wenyeji wa pale hawamuui wakimkuta uani. Ulaya na Marekani ndiye chatu anayefugwa zaidi majumbani, na jamaa zetu wanaoishi huko hukutana naye kwa jirani, shuleni kwa watoto, au hatimaye sebuleni kwao baada ya mtoto kubembeleza miezi na miezi.

Asichanganywe na chatu mkubwa tunayemjua huku kwetu, yule wa mabondeni na kandokando ya maziwa, anayemeza swala na mbuzi. Huyo anaweza kupita mita nne, na nyumba ya watu si mahali pake. Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu mkubwa wa Afrika alitoroka alikofungiwa ndani ya jengo la makazi, akapita kwenye bomba la hewa, akaangukia sebule walimolala watoto wawili wa kiume, ndugu, akawaua. Marekani ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kuwaingiza nchini chatu hao mwaka 2012, pamoja na chatu wa Burma ambaye ameshazaana katika vinamasi vya Everglades, Florida.

Na wewe uliyeko Kenya au Tanzania, kabla ya sanduku tazama sheria. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na kumweka mnyama wa porini bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo, ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na chatu uliyemwokota shambani ni nyara ya serikali, hata ukimpa jina na kumlisha vizuri. Anayetamani kumwona nyoka kwa karibu aende Meserani nje ya Arusha, Bio-Ken kule Watamu, au kwenye bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Nairobi. Haya mengine ni kwa yule anayeishi mahali ambapo sheria inamruhusu.

Tafuta aliyezaliwa na kukulia kwa mfugaji. Biashara ya kutoa chatu Togo, Benin na Ghana bado ipo, na mkubwa aliyekamatwa porini huja na kupe, minyoo na hofu, kisha hukataa chakula kwa miezi. Muulize muuzaji alianguliwa lini, anakula nini, amekula mara ngapi, na kama amezoea panya waliogandishwa. Muuzaji mzuri huandika haya yote na hatakuona msumbufu. Mchukue nyoka mkononi: macho yawe maangavu, pua kavu, mwili uwe wa mviringo bila uti wa mgongo kuchomoza, na akushike kwa nguvu badala ya kuning'inia. Kuna pia wale wanaouzwa kwa bei kubwa kwa sababu ya rangi zao. Wengi hawana shida, ila mmoja namkataa kabisa: aina inayoitwa buibui, yenye utando wa mistari myembamba mgongoni. Jeni inayompa rangi hiyo ndiyo inayomharibia mizani ya mwili, akawa anatikisa kichwa, anapinduka, anakosa shabaha akipiga chakula. Muuzaji akikwambia ni kutetemeka kidogo tu, muage.

Sasa sanduku. Kwa aliyekomaa, urefu usipungue sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Kuna imani ya zamani kwamba chatu huyu huogopa nafasi kubwa na kwa hiyo afungiwe kwenye kijisanduku cha plastiki maisha yake yote. Kinachomtisha ni uwazi. Mjazie vipande vya magome, matawi, majani ya plastiki na vichuguu vya kutengeneza, na utamwona anatembea kila kona usiku. Sanduku la mbao au la plastiki ngumu lenye milango ya kioo mbele hushika joto na unyevu vizuri kuliko akwari ya kioo yenye mfuniko wa wavu, ambayo humwaga vyote viwili juu.

Weka maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Yawe ya kubana kiasi kwamba akijikunja ndani mwili wake unagusa kuta. Ukiweka moja tu, atalazimika kuchagua kati ya usalama na joto linalomfaa, naye karibu kila mara huchagua usalama, hata kama unamgharimu afya. Kwa tandiko, makumbi ya nazi yaliyosagwa ndiyo ninayoyapenda: hayashiki ukungu upesi na yanatunza unyevu. Maranda ya mierezi na misonobari yaache, mafuta yake yenye harufu hudhuru mapafu ya nyoka. Milango iwe na kufuli. Penye nafasi ya kupita kichwa, mwili mzima utapita, na kumtafuta chatu nyuma ya friji usiku wa manane si jambo la kutamani.

Kwenye joto nitakawia kidogo, maana hapo ndipo wengi hukwama. Chatu hutegemea joto la nje hata kusaga chakula chake. Akiwa baridi, panya huozea tumboni na mwishowe hutapikwa. Kwa hiyo sanduku lisiwe na joto moja kote. Upande mmoja uwe na sehemu ya kuota joto ya nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa pili 24 hadi 27, naye atahama mwenyewe kulingana na haja ya mwili. Usiku usiache joto lishuke chini ya 24.

Joto waweza kulitoa kwenye mkeka wa umeme unaowekwa chini, taa ya kauri isiyotoa mwanga, au paneli ya darini. Chochote utakachochagua, kiungwe kwenye themostati. Hapa sina mjadala. Mkeka usio na themostati unaweza kupanda mpaka nyuzi 45 na zaidi, na chatu anayelalia mahali pa moto hakurupuki kama ungekurupuka wewe. Hubaki palepale ngozi ikiungua. Unakuja kugundua siku kadhaa baadaye, magamba ya tumbo yakiwa na wekundu na malengelenge. Kihisio cha themostati kikae pale joto linapotokea, yaani juu ya mkeka wenyewe, wala kisining'inie hewani katikati ya sanduku. Taa izungushiwe wavu wa chuma, kwani atapanda na kuikumbatia. Yale mawe ya umeme yanayouzwa madukani usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Kisha pima. Nunua vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye waya, kimoja kila upande, na ukiweza kile cha bastola kinachosoma joto la uso wa kitu kwa mbali. Vile vya mshale vya kubandika ukutani hudanganya kwa nyuzi nyingi. Umeme ukikatika wakati wa baridi kali, lifunike sanduku kwa blanketi huku ukiacha upenyo wa hewa, na uweke ndani chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo.

Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 55 na 75. Katika nchi za baridi, mashine za kupasha nyumba joto hukausha hewa kuliko mtu anavyodhani, na dalili ya kwanza utaiona siku ya kuvua gamba. Chatu anayekaribia kujivua hufifia rangi, tumbo likawa la waridi, na macho yakageuka kijivu cha maziwa. Hukaa hivyo siku chache, macho yakarudi kuwa maangavu, ukadhani umekosea, kisha siku kadhaa baadaye unakuta gamba. Likivuliwa vizuri huwa kipande kimoja kuanzia pua hadi mkia, limegeuzwa ndani nje, na ukilitazama kwenye mwanga utaona hata vile vifuniko viwili vya macho, vidogo na vya mviringo. Vitafute kila mara. Vikikosekana, bado viko kwenye macho ya nyoka.

Gamba likitoka vipandevipande, usilivute wala usichokonoe jicho kwa kibano. Mwekee kisanduku cha plastiki chenye tundu, ndani kikiwa na kuvumwani yenye unyevu, akae humo usiku mmoja au miwili. Kwa kawaida hutosha. Vifuniko vya macho vikigoma hata baada ya kuvua mara ya pili, mwone daktari. Ila unyevu si rojorojo: tandiko likiwa limelowa chapachapa muda wote, tumbo huoza. Mwaga maji pembeni yazame chini, na juu pabaki pakavu.

Bakuli la maji liwe zito asilipindue, na maji yabadilishwe kila siku au siku ya pili. Mwanga uwake kwa saa 12 na kuzimwa kwa saa 12, na usiku kuwe giza kweli, bila taa nyekundu wala za buluu. Kinyesi kitolewe kikionekana.

Tuje kwenye chakula, ambacho ndicho kinachowatia watu kichefuchefu na pia shauku. Chatu hula panya, na panya waliogandishwa huuzwa kwenye maduka ya wanyama kwa ukubwa mbalimbali. Panya hai simshauri mtu. Chatu asiye na njaa akiachwa na panya mzima usiku kucha, asubuhi anayeweza kukutwa ameng'atwa hadi mfupa ni chatu. Ukubwa wa panya usizidi unene wa sehemu nene zaidi ya nyoka. Mchanga alishwe kila wiki, panya mwenye uzito wa karibu asilimia 10 ya uzito wake; akifikisha mwaka, kila baada ya wiki mbili; mtu mzima, kila baada ya wiki tatu au nne, na hapo asilimia 5 inatosha. Wafugaji wapya hulisha kupita kiasi kwa mapenzi. Chatu wa nyumbani wengi ni wanene, na mafuta hayo huliumiza ini.

Panya mtoe kwenye friza jioni ya kuamkia siku ya kulisha, mtie kwenye mfuko wa plastiki, mlaze kwenye friji. Kesho yake usiku, chumba kikiwa na mwanga hafifu, mtumbukize na mfuko wake kwenye bakuli la maji ya moto ya bomba kwa dakika 15 hadi 20. Maikrowevu isihusishwe: humpika sehemu moja na kuacha nyingine barafu, na tumbo hupasuka. Mbonyeze kwa kidole. Ukigusa kitu kigumu cha baridi ndani, bado. Mkaushe kwa karatasi, halafu kichovye kichwa chake peke yake tena kwenye maji ya moto. Chatu ana vijishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, na kichwa chenye joto ndicho kinachomwonyesha pa kupiga.

Mshike panya kwa koleo refu nyuma ya mabega, mpeleke taratibu mbele ya maficho. Kwanza utaona ulimi, ukitoka na kurudi bila haraka. Kisha ulimi unaongeza kasi, shingo inajipinda kama herufi S, na hapo tuliza mkono. Pigo lenyewe macho hayalifuati. Utakachoona ni panya amekwisha kuzungushiwa mapindo mawili matatu. Achia koleo, funga mlango, ondoka. Atamkaba mnyama aliyekufa tangu wiki zilizopita kwa dakika kadhaa, atalegeza, atakitafuta kichwa kwa ulimi na kuanza kumezea hapo. Wapo wanaomhamishia nyoka kwenye chombo kingine kumlisha, eti asije akazoea kuuma mkono ndani ya sanduku. Sioni faida yake. Kumbebabeba nyoka aliyeshiba ndiko kunakomfanya atapike. Asishikwe kwa saa 48 baada ya kula. Akitapika, mpumzishe wiki mbili kabla ya kumpa tena, na umpe panya mdogo.

Na atakataa kula. Hili lizoee mapema, kwani chatu huyu ni maarufu kwa kususa, hasa dume wakati wa miezi ya kupandana. Wiki nne, miezi mitatu, wakati mwingine zaidi. Usimlazimishe na usimwamshe kwa panya kila usiku. Mpime kwa mizani ya jikoni (mnunulie yake) kila mwezi na uandike. Uzito ukisimama palepale, chunguza joto, chunguza maficho, subiri. Ukipungua kwa asilimia 10 au akionyesha dalili nyingine, nenda kwa daktari anayewajua reptilia. Si kila daktari wa mifugo anawajua, kwa hiyo mtafute kabla hujamhitaji.

Dalili zenyewe si ngumu kuzitambua. Mdomo ulio wazi, mluzi anapopumua, mapovu au kamasi puani: ni mapafu, na chanzo karibu kila mara ni baridi au unyevu usiofaa. Vitone vyeusi vinavyotembea kwenye magamba ya chini ya kidevu, au vilivyozama majini kwenye bakuli, ni utitiri. Nyoka mwenye utitiri hukaa majini kutwa kujaribu kuuzamisha. Toa tandiko lote, weka karatasi tupu, osha kila kitu, na dawa aitoe daktari, maana dawa za kuku na za mbwa zinaweza kumuua. Kama una nyoka zaidi ya mmoja, mgeni akae chumba kingine kwa miezi mitatu. Wala usiwaweke wawili sanduku moja. Hawahitaji wenzao, na aliye dhaifu atakufa polepole bila ugomvi wowote kuonekana.

Kumshika ni jambo jepesi ukiwa na subira. Akifika nyumbani mwache wiki mbili, ale kwanza mara mbili tatu. Baada ya hapo, dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa wiki, zinatosha. Nawa mikono kabla, isinuke panya. Mguse kwanza mwilini kwa karatasi iliyoviringishwa ili ajue si chakula kilichokuja, mnyanyue kutoka ubavuni badala ya juu ya kichwa, na uubebe mwili wake kwa mikono miwili. Hakupendi wala hakuchukii. Anakuvumilia, na hilo lichukue kama lilivyo. Akikuuma, meno yake ni madogo yamepinda kwenda nyuma, hana sumu. Usivute mkono. Akishikilia, mwagie maji ya baridi mdomoni, na kama amejizungusha mfungue kuanzia mkiani.

Nawa tena baada ya kumshika. Chatu mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, na watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu huumizwa nayo zaidi. Bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Kabla ya kulipa, fikiria umri. Akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30, na wapo wanaovuka. Bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, ilimpokea jike mmoja kutoka kwa mtu binafsi mwaka 1961. Mwaka 2020, akikadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 60, alitaga mayai 7 bila kukaa na dume kwa angalau miaka 15. Mtoto wa miaka 10 anayekubembeleza leo atakuwa amehama, ameoa au ameolewa, na chatu bado yuko kwako. Kama moyo unasita, nenda kituo cha kuokoa reptilia ukachukue aliyekomaa. Wako wengi, na tabia zao zinajulikana tayari. Na ukishindwa njiani, mrudishe kwenye kituo kama hicho. Usimfungulie kichakani: Uingereza ni kosa chini ya sheria ya 1981, na baridi ya huko itamuua kabla hajampata panya wa kwanza.